Aliyeionja Kwanza

Neno "bure" ndilo lililowatia watu wa Sange mashaka. Liliandikwa kwa chaki kwenye mlango wa darasa la shule ya parokia: MAWAKILI WA UVIRA WANASIKILIZA SHIDA ZA WATU, KILA JUMAMOSI, BURE. Kufikia saa nne asubuhi watu zaidi ya thelathini walikuwa wamejaa uani, na hakuna aliyetaka kutangulia kuingia. Wakili wa bure alionekana lini? Rahisi huvunja upishi, na watu wa uwanda wa Ruzizi wamekula vibichi vya kutosha. Kwa hiyo kila mmoja alimkaribisha mwenzake mbele kwa adabu nyingi, adabu ambayo kwa kweli ilikuwa woga.

Aliyetangulia ni Apollinarie. Hakuwa jasiri kuliko wengine, ila alibakiwa na siku kumi na mbili tu kabla ya kusimama mbele ya tribunali, mahakama ya Uvira, na mpunga wake ulikuwa umeanza kutoa masuke. Kwapani alibana kuku jike mwekundu. Nyuma yake alikuja mumewe, Gratien Ngendakumana, fundi wa kujenga nyumba, kwa hatua za mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

"Karibu mama, karibu papa," alisema kijana mmoja mwenye suti nyeusi na viatu vya kung'aa. "Minye ni Maître Kamanzi. Mwikale, tafazali."

Pa kukaa palikuwa kwenye madawati ya watoto wa mwaka wa kwanza. Gratien, mrefu kama alivyo, alijikunja mpaka magoti yakakaribia kidevu, akabaki hivyo. Mtu aliyejenga nusu ya nyumba za barabara ile alisikia aibu, naye aibu ikimshika hunyamaza. Ikabidi mke aseme.

"Ni shamba yetu ya mupunga, Maître. Tuliuziwa na muzee Ntahobari, miaka makumi mbili inapita. Sasa muzee alikufa. Mutoto yake Léopold ametoka Bukavu, anasema baba yake alituazima tu, hakuuzisha. Ametupeleka ku tribunali. Tukikosa ile shamba, sijui tutakula nini."

"Muko na papye ya kuuziana?"

"Tulitoa ng'ombe," Gratien akasema.

"Ng'ombe haiandikake, papa. Papye?"

"Tulitoa ng'ombe, kiisha tulikunywa."

Kamanzi aliinua macho. Alizaliwa juu kule milimani, mahali ambapo ng'ombe wana majina na ukoo, kwa hiyo habari ya ng'ombe aliielewa mara moja. Lakini watu wa kwao ni Waprotestanti wa maziwa, na pombe kwao huzungumzwa kanisani tu, tena kwa kukaripiwa. "Mulikunywa nini?" aliuliza.

Gratien alimtazama kwa huruma. Hata aibu yake ilipungua kidogo, maana alikuta jambo ambalo yeye analijua na msomi halijui. "Pombe ya mashahidi, Maître. Muntu akinunua shamba, analeta agatutu, kile kibuyu kidogo, kinajaa kasiksi, pombe ya ndizi. Muuzaji anakunywa, majirani banakunywa. Mwenye alikunywa hawezi tena kukana. Akikana, ni kama anatapika heshima yake mbele ya bantu."

"Vizuri kabisa!" Kamanzi alichukua kalamu. "Nipatie majina ya bale walikunywa."

"Muzee Ntahobari. Amekufa. Katekista wa zamani. Amekufa. Na jirani yetu Rusuku. Yeye anaishi."

"Asante Mungu. Iko wapi?"

"Bujumbura, kwa binti yake. Lakini hata jina ya huyo binti hajui tena. Akili imetoka."

Kalamu ikarudi mezani. Kamanzi aliahidi kuja mahakamani, kuomba siku zaidi, kufanya kila linalowezekana, na alisema kweli, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayemfariji mfiwa. Apollinarie alipomnyoshea kuku, alikataa kwa mikono miwili.

"Hapana, mama. Tuliapa. Hatupokee kintu, hata yai."

Walitoka nje. Uani watu waliwazunguka kutaka habari, na walipoona kuku amerudi, wakaelewa wenyewe. Hapa kwetu, mtu wa ofisi akikataa kuku, ni kwamba kesi imekufa. Nani ale kuku wa maiti? Watu kumi hivi walifunga vitenge vyao wakaenda zao. Apollinarie alitembea hadi nyumbani akilia waziwazi, kuku naye akilalamika kwapani, na Gratien akitembea hatua kumi mbele ili asionekane kuwa pamoja nao.

Jumapili baada ya misa Gratien alitoa shauri lake.

"Nitaenda kwa Léopold. Nitamuomba akamate nusu, atuachie nusu."

"Nusu?" Apollinarie alikuwa anachambua maharagwe, akaacha, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Papa Irankunda, nusu gani? Ya juu, kwenye mufereji unapita, ao ya chini kwenye maji inalala? Ukimupatia ya juu, ya chini itakauka. Ukimupatia ya chini, atafunga njia. Ile shamba haigawanyike."

Gratien alijua matofali. Mambo ya mifereji yalikuwa ya mkewe. Aliinuka akaenda kwa jirani, Nyirabahizi, ambako siku ile walikuwa wanasherehekea mtoto kupokea komunyo ya kwanza, na Apollinarie akamfuata kwa kuwa nyumba yenye shida haifai kubaki na mtu mmoja tu ndani yake.

Palikuwa na furaha kule, na nyimbo, na watoto waliovaa meupe wakikimbizana hadi meupe yakawa mekundu kwa vumbi. Nyirabahizi akaleta kibuyu cha kasiksi aliyoipika mwenyewe. Alipiga magoti mbele ya wageni, akanywa funda moja, akapangusa mdomo wa kibuyu kwa kiganja, ndipo akampa Gratien. Hakuna aliyetazama. Ni jambo linalofanywa kila siku, kama kubisha hodi.

Apollinarie alitazama. Kisha akapiga kelele hivi kwamba wimbo ukakatika.

"Bernardine!"

"Bernardine gani?" Gratien alishtuka akamwaga pombe kwenye suruali ya misa.

"Dada yako! Nani alipika pombe ya shamba? Si Bernardine? Na mwenye kupika anakunywa wa kwanza! Alikunywa, Papa Irankunda, alikunywa mbele yenu bote!"

"Bernardine ni mwanamuke," Gratien alisema polepole. "Hatukumuhesabu."

"Basi muhesabu sasa!"

Simu ilikuwa ya Nyirabahizi na sauti ilikuwa ya Apollinarie, na bila shaka hata Kamanzi aliyekuwa Uvira angeweza kumsikia bila simu. Lakini mtoto wa maziwa alichelewa kuelewa.

"Anaonja juu ya nini, mama?"

"Ili bantu baone haiko na sumu!"

"Na hiyo iko sheria ya kwenu?"

"Inapita sheria, Maître. Sheria bantu banavunjaka. Hii, hakuna muntu alishavunja."

Kisha wakasikia upande wa pili kijana yule anacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekuwa amelala vibaya usiku uliopita. "Muleteni huyo mama," alisema. "Hata kama anaikala mwezini, muleteni."

Bernardine hakuishi mwezini. Aliishi Makobola, kusini ya Uvira, alikoolewa na kufiwa na mume, na ambako alikuwa anakausha ndagala, dagaa wa kule, kwenye mchanga wa ziwa. Shida haikuwa umbali. Shida ni kwamba dada na kaka walikuwa hawajasemezana tangu matanga ya baba yao, siku Gratien alipomkatiza mbele ya ukoo wote kwa kumwambia kwamba mwanamke aliyeolewa hana neno katika nyumba ya baba yake. Miaka tisa ilikuwa imepita. Bernardine aliihesabu mwaka kwa mwaka.

Jumanne walimkuta ameinama juu ya ndagala wake na wanawake wengine saba. Aliwaona toka mbali, lakini hakuinua kichwa.

"Mama Irankunda, karibu," alisema. "Nani anakuya nyuma yako? Nasikia harufu ya kiburi."

"Ni kaka yako, dada. Tuko na matata."

"Matata iko na mudomo. Iseme yenyewe."

Gratien alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Dada, niko na lazima na weye, utusaidie," alisema.

"Sema kwa nguvu. Ziwa iko na makelele."

Siku ile ziwa lilikuwa limetulia tuli. Wanawake saba walijizuia kucheka hadi mabega yakawatetemeka. Gratien akavuta pumzi, akapaza sauti kama anayeita mafundi juu ya paa: "Dada! Niko na lazima na weye! Minye nilikosa! Neno yako iko na uzito kwetu, nilisema bubaya!"

Ndipo Bernardine akainua kichwa. Alikuwa na miaka sabini na kitu, meno machache, na macho ya kuku anayelinda vifaranga. Alimtazama kaka yake kwa muda, kisha akajipangusa mikono kwenye kitenge na kumkumbatia kwa nguvu, magamba ya samaki na yote. Gratien alilia. Sioni sababu ya kumficha.

"Sasa niambie," alisema Bernardine baada ya kusikia habari yote. "Huyo Léopold, si ndiye kale katoto kenye masikio makubwa?"

"Ni yeye."

"Aaa," alisema, akarudia ndagala wake huku anatabasamu, na hawakupata neno lingine kutoka kwake hadi siku ya kesi.

Siku ya kesi Kamanzi alivaa toga nyeusi ya mawakili iliyokuwa ndefu kidogo kwake, akaikunja kwa mkono mmoja kama bibi arusi avukapo tope. Wenzake wawili wa kazi ile ya Jumamosi walikuja kukaa nyuma yake, bila malipo vilevile, kwa kutaka kuona hiyo pombe inavyoingia mahakamani. Jaji alikuwa mwanamke mwenye miwani, ambaye wote walimwita Mama Juge. Léopold alikuja peke yake, shati limepigwa pasi, Kifaransa chake cha Bukavu mkononi. Masikio yake yalikuwa bado makubwa.

Mama Juge alianza na Gratien.

"Hii shamba, upande wa jua kutoka inapakana na nini?"

Gratien alikohoa. Alitazama dari, ambayo aliona mara moja kuwa ilipigwa misumari vibaya. Mwishowe akamtazama mkewe.

"Ninaweza kujibu, Mama Juge?" Apollinarie alisema, akijua kwamba huenda atakaripiwa.

"Uko muke yake? Mushitakiwa pamoja naye? Basi jibu. Hakuna mwenye kukukataza."

Alijibu. Alitaja mfereji mkubwa na mfereji mdogo, migomba mitano ya Rusuku, jiwe jeupe, mahali ambapo maji huvunja kingo kila mvua ya Aprili na namna anavyopaziba. Alitaja hata hatua. Karani aliacha kuandika kwa sababu hakuweza kumfuata, na Mama Juge akamwambia Apollinarie apunguze mwendo, kwa sauti iliyokuwa na heshima ndani yake. Gratien alisikiliza kama mgeni. Katika miaka ishirini hakuwahi kumwuliza.

Kisha Bernardine akaitwa. Kabla hajafungua kinywa, Léopold alisimama.

"Mama Juge, ninapinga. Kwa desturi yetu, shahidi ni mwenye alikunywa pombe. Huyu mama alipika tu, akarudia jikoni. Banamuke habakunywake ile pombe."

Mama Juge alishusha miwani puani. Kamanzi aliinuka haraka, akakanyaga toga yake, nusura aanguke. "Ninaomba shahidi ajibu yeye mwenyewe!" alisema akiwa ameshika meza.

"Ajibu."

Bernardine alimgeukia Léopold bila hasira. "Mwana wa Ntahobari, pombe ikiletwa mbele ya bageni, nani anakunywa wa kwanza?"

Léopold alitazama viatu vyake. Kila mtu aliyekuwa mle ndani alijua jibu, hata polisi wa mlangoni, ambaye alianza kutabasamu.

"Umeulizwa," Mama Juge alisema.

"Mwenye kuipika," Léopold alijibu kwa sauti ndogo.

"Juu ya nini?" Bernardine aliuliza.

"Ili bajue haiko na sumu."

"Basi minye nilikunywa mbele ya baba yako. Nilikunywa mbele ya katekista. Nilipiga magoti, nikaonja, nikapangusa, nikamupatia. Baba yako akasema, 'Toka leo hii shamba ni ya Gratien na bantu ba nyumba yake.' Kiisha akakuita weye. Ulikuwa na miaka kumi na moja, ulivaa kaputula ya masomo; bakubwa habakukuhesabu, sawa vile habakunihesabu minye. Akasema, 'Na weye kunywa, ili kesho usisahau.' Ukakamata kibuyu na mikono mbili, ukamaliza yote yenye ilibakia. Na sikushangaa, kwani pombe yangu ilikuwa tamu kupita zote za Sange..."

"Tamu?" Léopold aliruka. "Ile? Ilikuwa chungu kama kinini ya malaria! Nilitapika siku mbili!"

Karani alibaki na kalamu hewani. Kisha polisi wa mlangoni akashindwa, kicheko kikamtoka, na chumba kizima kikamfuata: mawakili wawili wa nyuma wakiegemeana, wanawake wakipiga makofi, Kamanzi akijifunika uso kwa kona ya toga. Mama Juge alivua miwani kabisa akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mtu mmoja tu hakucheka.

"Chungu?" Bernardine aliuliza, mikono kiunoni. "Pombe yangu minye?"

"Bwana Léopold," alisema Mama Juge alipoweza, "nimesikia vizuri? Ulikunywa?"

Léopold alisimama pale masikio yakiwa mekundu. Angeweza kukana, alifungua kinywa kukana. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama, na ladha ile, naamini, ilikuwa imemrudia ulimini. Akaanza kucheka naye, kicheko cha aibu chenye machozi.

"Nilikunywa, Mama Juge. Haki ya Mungu, nilikuwa nimesahau. Baba mudogo aliniambia shamba iliazimwa, na minye kazi iliniishia Bukavu, nikashika ile neno. Lakini nilikunywa. Ninaondoa mashitaka."

"Kuondoa haitoshi," Kamanzi alisema, akiwa wakili tena. "Tunaomba akubali kwa maandiko, leo hii. Tusikuye tena hapa miaka makumi mbili ingine kutafuta nani alitapika."

Mama Juge aliafiki. Nje, chini ya jua la saa saba, Bernardine alimshika Léopold kiwiko akamwahidi kumpikia pombe nyingine mavuno yakiisha, na safari hii ataimaliza na kusema asante. Léopold aliahidi. Gratien naye akamwambia kwamba wajenzi wake wanahitaji mtu wa kuhesabu mifuko ya saruji, mtu mwenye masomo, kama haoni haya. Léopold akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, kama anavyosalimiwa mkubwa.

Kisha Apollinarie, Gratien na Kamanzi walirudi ndani kwa karani kuandikisha shamba; Léopold alikuwa ameshatia sahihi yake. Chumba kilikuwa kidogo, meza imejaa dosye za kesi, na watu sita walikuwa wanangoja mlangoni. Karani alipitisha rula, akapiga mstari.

"Jina ya mwenye shamba?"

"Apollinarie Uwimana," Gratien alisema.

Karani aliinua uso. "Papa, sikuulize jina ya bibi. Nauliza mwenye shamba."

"Nimesikia. Ile shamba, minye hata mupaka yake nimeijua leo, ku tribunali. Andika yeye. Minye utaniandika chini."

Apollinarie alimtazama mumewe, akamtazama Kamanzi, kwa hofu kwamba sheria itakataa.

"Inakubaliwa, mama," Kamanzi alisema taratibu. "Weka sinyatire."

"Ao kidole," karani alisema, akisogeza kibati cha wino. "Kidole ni mbio."

"Najua kuandika," alisema Apollinarie.

Alijua, ila hakuwa ameshika kalamu tangu mtoto wake Irankunda amalize shule ya msingi. Aliinama juu ya karatasi hadi pua ikakaribia kuigusa, akaandika herufi moja, akaitazama, akaandika ya pili. Kila herufi ilikuwa kubwa. Mlangoni watu walianza kunung'unika. Karani alitazama saa yake, akatazama mstari wake, akaona kwamba umekwisha na mama amefika tu kwenye jina la ubatizo.

"Mama, nafasi imeisha."

Apollinarie alisimamisha kalamu. Gratien akaweka mkono wake mzito wa fundi juu ya meza, karibu na karatasi.

"Ongeza mustari," alisema.

Karani akachukua rula, akaongeza.